Mkunga Aliyeita Minazi kwa Majina

Nilikubali. Bwana mpima, aliyekodiwa na setla mmoja aliyetaka ardhi ya kupanda mkonge, aliniagiza niende kijijini kwetu niwaambie watu wote, wakubwa kwa wadogo, wavae nguo zao nzuri waje uwanja wa baraza kupigwa picha. Aliniambia pia, kwa sababu nilikuwa karani wake na mkalimani wake, kwamba asubuhi hiyo kamera haitakuwa na filamu. Filamu aliyokuwa nayo ilikuwa ya mashamba yetu, na aliyataka mashamba yakiwa hayana mtu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka sekondari juzi tu. Ningeweza kusema naumwa. Ningeweza kusema mto Ruvu umefurika na njia haipitiki, naye asingejua. Nilisema, "Ndiyo, bwana," nikapanda baiskeli.

Habari hiyo nilimpelekea mkunga kwanza. Nilimchagua kwa kujua: akienda yeye, hakuna atakayebaki. Huyo mkunga ndiye ninayemwandika hapa, kwa kuwa waliomjua wanapungua, na mimi niliyemkosea kuliko wote bado naweza kushika kalamu.

Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na viganja vyake vilikuwa vipana kama vya mwanamume alimaye mpunga. Alinusa ugoro. Aliuweka katika kikopo cha dawa ya meno, na kabla ya kuingia chumba cha uzazi alinusa mara moja, akapiga chafya, akasema, "Haya, tumeamka." Wanawake wa kwetu waliniambia kwamba chafya hiyo iliwatuliza. Walijua kazi imeanza na mwenye kazi yupo.

Wanaume hakuwataka karibu. Mume akianza kuzungukazunguka uani, alimtuma kuni. Kuni zenyewe hazikuwa kuni za kawaida, lazima ziwe za mkwaju, na mkwaju huo lazima uwe wa ng'ambo ya mto. Mume alikwenda, akavuka, akakata, akarudi jasho linamtoka, akakuta mtoto amekwishazaliwa na chakula kimepikwa kwa kuni zilizokuwapo. Kila mwanamume kijijini aliujua ujanja huo, na kila mmoja alikwenda zamu yake ilipofika. Baba yangu alikwenda mara nne.

Mama mkwe mmoja alipolalamika kwamba uchungu umechukua muda mrefu, mkunga alimjibu bila kugeuka, "Mtoto hana haraka. Mwenye haraka ni wewe. Nenda kapepete mchele."

Alisali vipindi vyote, na alitukana kati ya kipindi na kipindi. Alimsema vibaya sista wa zahanati ya misheni, kwamba anazalisha watu kama anayefungua makopo, lakini mkasi aliokatia vitovu ulikuwa wa sista huyo huyo, na aliuchemsha kama sista alivyomwonyesha. Nilipomuuliza kuhusu hilo alisema, "Mkasi haujabatizwa, mume wangu."

Aliniita mume wangu kwa utani wa bibi na mjukuu. Hatukuwa na damu moja, lakini yeye ndiye aliyenitoa tumboni, basi alinihesabu miongoni mwa waume zake, nao walikuwa wengi. Nilipokwenda shule ya bweni aliniambia mbele ya watu, "Nenda usome, ila usiniletee mke mwenza anayesema Kizungu. Sitajua akinitukana."

Yeye mwenyewe hakuwahi kuzaa. Jambo hilo halikusemwa mbele yake, naye hakulisema.

Kazi yake haikuishia kwenye kuzalisha. Kwetu, kitovu cha mtoto kikidondoka, mkunga hukizika shambani, na juu yake hupandwa nazi iliyochipua. Mnazi huo ni wa mtoto. Baba hasemi "mnazi wangu", mama hasemi "mnazi wangu", hata kama wao ndio wanaoupalilia na kula nazi zake. Anayeweza kusema hivyo ni mmoja tu, yule ambaye kitovu chake kiko chini. Mtoto akifa, mnazi unabaki kuwa wake. Nazi zake huliwa kwenye hitima au hupelekwa madrasa, na haziuzwi.

Hivyo mteremko wetu wote, kutoka kwenye nyumba hadi karibu na mto, kati ya Mlandizi na Mbwawa, ulikuwa minazi ya watu. Kati ya minazi kulikuwa na vipande vya mashamba, vingine vimelimwa, vingine vimeachwa miaka mitatu minne vipumzike, majani yamepanda hadi kiunoni. Mgeni angeona vichaka. Mkunga alipita humo akiita majina. Hakusema "ule mnazi wa Sikudhani". Alisema, "Sikudhani ameanza kuzaa mwaka huu," au "Tatu kashikwa na wadudu, mwambieni kaka yake aje." Kwake mti ulikuwa huyu, haukuwa huu.

Siku moja Kibwana na Mwinshehe, watu wazima wenye wake, waligombana nani amwamkie nani. Kila mmoja alidai ndiye mkubwa. Ugomvi ulipofika kwenye kushikana kanzu, mkunga aliwachukua wote wawili, nasi tukafuata, akawasimamisha mbele ya minazi yao. Akapapasa makovu ya makuti kwenye shina la kwanza, akapapasa la pili.

"Kibwana, mwamkie mwenzako."

"Mimi nimwamkie huyu? Huyu ndevu zimemwota mwaka jana."

"Ndevu sikuzitoa mimi. Wewe nilikutoa, na yeye nilimtoa masika mawili kabla yako. Mwamkie, jua linapanda."

Kibwana akaangalia mtoni. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Mwinshehe akajibu, akatoa na mkono wa kubusiwa. Tulicheka hadi Kibwana naye akacheka.

Mama yangu alikuwa na minazi minne pale. Mmoja wangu, na mitatu ya watoto aliowazaa kabla yangu, ambao hakuna aliyefika umri wa kutembea. Wangu aliniachia nipalilie mwenyewe. Ile mitatu aliipalilia yeye, kila Ijumaa asubuhi, na hakutaka kusaidiwa. Nilipokuwa mdogo niliona wivu. Niliona anakaa nao muda mrefu kuliko anavyokaa nami.

Sasa niseme kwa nini mkunga aliipenda habari ya picha, kwa sababu bila hilo mtu atadhani alikuwa mjinga wa kudanganyika. Alipokuwa mwali, amewekwa ndani kama wali wa zamani walivyowekwa, Mzungu mmoja wa enzi za Wajerumani alifika na kamera yake. Akida alikuwa naye, kwa hiyo wali wakatolewa nje. Mwali haonekani na mtu yeyote mpaka siku ya kutolewa kwake. Walisimamishwa juani, kichwa wazi, wakapigwa picha, wakarudishwa ndani. Miaka mingi baadaye, alipokwenda kununua chumvi Mlandizi, aliona kwenye duka la Mhindi kadi za kutumwa kwa posta zimepangwa ukutani. Katika kadi moja kulikuwa na wasichana watatu waliosimama mbele ya nyumba ya udongo. Hakuwa na hakika kama yule wa katikati ni yeye. Alimwuliza mwenye duka maandishi ya chini yanasema nini. Mwenye duka akasoma, akasema yanasema "Wasichana wa pwani". Hakukuwa na jina.

Aliniambia habari hiyo mara moja tu, tukiwa tunamenya mihogo. "Kama ni mimi au si mimi sijui," alisema. "Lakini mtu amenituma posta kwa nduguye kule, na nduguye amenitazama, na mimi sikuvaa hata kilemba."

Kwa hiyo nilipofika na baiskeli yangu nikasema kwamba wanakijiji wote wanatakiwa kupigwa picha, tena wamevaa, aliuliza swali moja.

"Watoto wangu wote watakuwamo?"

Alikuwa anasema juu yetu sote aliotuzalisha.

"Wote, bibi."

"Na majina yataandikwa?"

"Yataandikwa," nilisema.

Alipita nyumba hadi nyumba. Aliwatoa watu mashambani, aliwatoa wagonjwa vitandani, alimkemea mzee mmoja aliyesema ana mtego wa kutazama. Alivaa kanga mpya, doti nzima, na kilemba alichokiazima. Mama yangu hakutaka kwenda, ilikuwa Ijumaa, siku yake ya kupalilia. Mkunga alimwambia, "Wale hawaendi popote. Utawakuta." Mama akavua nguo za shamba akavaa baibui.

Uwanja wa baraza ulikuwa mwendo wa saa nzima kutoka kijijini. Bwana mpima aliwapanga kwa mistari, wafupi mbele, akaingiza kichwa chini ya kitambaa, akatoka, akabonyeza. Kisha akaniambia niwaambie wasiondoke, jua likilala kidogo watapigwa tena. Wakakaa kivulini kwa mistari ileile wasije wakachafua nguo. Sisi tukaenda kijijini na gari. Huko akaweka filamu. Tulikuta jiko hata moja halitoi moshi. Alipiga mteremko kutoka juu, akapiga kutoka chini, akapiga mashamba yaliyopumzishwa, akapiga minazi. Mimi nilishika daftari, nikaandika namba ya kila picha na maneno aliyoyasema kwa Kiingereza. Pori tupu. Hakuna makazi. Minazi iliyojiotea. Kwenye hiyo ya minazi kalamu yangu ilisimama kidogo, naye akaniuliza kama sikusikia. Nikaandika.

Tuliporudi uwanjani, mkunga alikuwa amewasimamisha tena, kilemba kimekaa vilevile. Bwana mpima alibonyeza mara ya pili na ya tatu. Watoto walichoka wakalia. Mkunga aliwaambia, "Nyamazeni. Mnataka kuonekana kule mnalia?"

Tangu siku hiyo, kila aliponiona, aliuliza, "Mume wangu, picha yetu haijatoka?" Nikamwambia Dar es Salaam wana kazi nyingi. Nikamwambia karatasi zimekwisha. Nilijisikia mwongo, na nilijisikia pia mtu mkubwa, kwa sababu nilijua jambo ambalo wazee hawakulijua. Sitaki kulificha hilo la pili.

Maombi ya setla yalipotangazwa, watu walikwenda kulalamika. Ofisa aliyesikiliza alitaka wawili tu waingie. Waliingia jumbe, ambaye hakuwa mtu wa kwetu na alikaa kimya hadi mwisho, na mkunga, ambaye alikataa kubaki nje. Bwana mpima alikuwapo, na mimi nilikuwapo kutafsiri. Faili likafunguliwa, picha zikapangwa mezani.

Mkunga aliinama juu ya meza. Alizitazama moja moja, akarudia. Nilijua anatafuta nini.

"Na ile yetu?" aliniuliza.

"Haimo, bibi."

"Iko wapi?"

"Haikupigwa."

Kisha akaweka kidole kwenye picha ya minazi, ile ya upande wa chini. "Huyu Sikudhani," alisema. "Huyu Tatu. Huyu Mwinshehe, na Kibwana yule nyuma. Hawa watatu ni wa mama yako." Kidole kikasogea. "Na huyu ni wewe."

Ofisa akauliza anasema nini. Nikamjibu kwamba anasema anaijua minazi hiyo.

"Muulize kama ni yake."

Nikamuuliza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo mwulizaji analijua.

"Siyo yangu," alisema. "Mimi nitakuwaje na mnazi hapa? Kitovu changu kiko Chole."

Nilitafsiri, "Anasema siyo yake." Ofisa akaandika. Sikuongeza neno. Sikueleza kitovu ni nini kwetu, wala kwa nini mtu ambaye kitovu chake hakiko pale asingeweza kujibu vingine. Nilikuwa nimetafsiri sawasawa. Na katika chumba kile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuweka kidole kwenye ile picha na kusema "huu ni wangu, ulipandwa siku fulani na mama huyu, na chini yake kuna kitu changu." Mkunga alikuwa anamsubiri mtu huyo. Alisubiri hadi ofisa akafunga faili.

Nje, watu walimzunguka wakamuuliza. Alisema, "Picha yetu haikupigwa. Karani wetu alijua." Hakupaza sauti. Kisha akasema jambo ambalo wengi wamelisahau: "Na mimi ndiye niliyewatoa mashambani."

Minazi ilikatwa kiangazi kile. Mkunga alitangulia mbele ya wakataji siku nzima, akiita jina kabla ya kila shoka. Msimamizi alimwambia aondoke, akamjibu, "Kata wewe. Mimi nawaaga wanangu." Mama yangu hakwenda kutazama. Alikaa ndani amefunga mlango. Mimi wakati huo nilikuwa nimepewa meza na kiti katika ofisi ya shamba la mkonge, na dirisha langu lilielekea mteremko.

Watu walihama. Wengine walikwenda Chole, wengi wakasogea Mbwawa, mama yangu na mkunga wakiwamo. Nilipokwenda kumwona mama, alinipikia, akaniandalia maji ya kunawa, akakaa mbali nami kama anavyokaa na mgeni wa heshima. Hakunigombeza. Nilimletea kitambaa, akakishukuru, nikakikuta mwezi uliofuata kimevaliwa na mtoto wa jirani. Baada ya hapo nilipunguza kwenda. Nilijiambia kazi ni nyingi.

Mkunga aliendelea kuzalisha huko Mbwawa, lakini aliacha kuzika vitovu. Alimpa kila mama kitovu cha mwanawe kimefungwa kitambaani, akamwambia akiweke mwenyewe, siku akipata mahali pa kudumu.

Nilimwona mara ya mwisho miaka kadhaa baadaye, karibu na siku za Uhuru. Nilikuwa nimemkodi mpiga picha wa Mlandizi, kijana mwenye kamera nzuri, tukaenda naye Mbwawa. Nia yangu ilikuwa kumpiga picha mkunga na mama yangu wamekaa pamoja, majina yameandikwa chini. Nilidhani ni kitu ambacho naweza kukirudisha.

Nyumba ya mama ilikuwa imefungwa. Nikaenda kwa mkunga. Alikaa mlangoni kwake, macho yameingiwa na ukungu, kikopo cha ugoro pajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alisikiliza sauti kidogo. "Bwana karani."

Hakuniita mume wake. Nikamweleza nilichokuja nacho. Akauliza, "Leo imo filamu?" Yule kijana akasema imo, bibi, akidhani ni swali la kawaida. Mkunga akacheka, akapiga chafya.

"Mimi usinipige. Nilitaka kupigwa na wanangu wote, na wanangu sijui wako wapi. Mwingine wa kupiga humu hayupo."

"Mama amekwenda wapi?"

Alifunika kikopo. Alikifunika taratibu, akakiweka chini.

"Mama yako tumemzika. Arobaini imepita."

Nakumbuka kijana wa kamera aliondoka bila kuambiwa, akaenda kusimama barabarani. Nilimuuliza mkunga nani alimwosha. Akasema yeye, kwa kupapasa. Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyekuja kuniita, ofisi yangu kila mtu anaijua, ni mwendo wa asubuhi tu.

"Nilitaka kukuita," alisema. "Nilimwambia siku mbili kabla, tumwite mtoto. Akasema hapana. Nikamwambia ni mwanao, ndiye pekee uliyebakiwa naye. Akasema, akija ataandika nini?"

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Sikuongezea."

Nikamwomba anionyeshe kaburi, au anipe mtu wa kunionyesha. Alipapasa kikopo chake pale chini, nikadhani amekubali na anafikiri ni mtoto gani wa kumtuma.

"Aliniapisha," alisema. "Nimewatoa watu mara moja kwa ajili yako. Siwezi tena." Kisha akasema, bila ukali, "Nenda, baba. Jua linazama na njia ni ndefu."

Mkunga alikufa kabla ya masika ya mwaka uliofuata, na waliochimba kaburi la mama yangu, kila niliyemuuliza, aliniambia hakuwapo siku hiyo. Kwa ile "ndiyo, bwana" nilipata meza, kiti na mshahara hadi nilipozeeka. Bei niliyolipa ni mama yangu. Alinikataa akiwa hai, akafa akiwa amenikataa, na sijui hadi leo amelala wapi.